Zamu ya Matangi

Dizeli huisha. Haya hayaishi,
yanachoka tu.
Misimu miwili nayalinda, kituo cha afya, barabara ya Oraba,
matangi mawili nyuma ya wodi ya wazazi,
na bado Anguzu wa stoo huyaita juisi.

Siku ya kwanza aliuliza: yananyweka?
Nikamwonyesha kitambaa cha deki
kilichodondokewa tone moja:
tundu, pana kama shilingi.
Asidi, nikamwambia. Na ndani ya asidi
metali moja yenye nguo nne.

Mchana, jua likiwa juu ya paneli,
tangi la kushoto huvaa zambarau,
la kulia manjano ya bizari.
Usiku, taa zikila,
zambarau hushuka hadi kijani,
manjano hushuka hadi buluu.
Mita ipo. Siiamini.
Nachungulia kidirishani
kama anayefunua jicho la mgonjwa wa ini.

Kati yao pana utando, mwembamba kama ngozi ya kitunguu.
Mhandisi alisema: hupita vidogo, vikubwa hubaki.
Nikacheka. Nimezaliwa Koboko,
naujua mpaka unaopitisha watoto na kuku
ukamrudisha mama mwenye gunia.
Lakini, akasema, hata vikubwa vikijipenyeza
hapaharibiki kitu. Huku vanadi, kule vanadi.
Hupotea nguvu kidogo,
sumu hakuna.
Shangazi Keji yuko Yei. Babu kazikwa upande wa Kongo.
Sikumwambia.

Februari ndiyo adui.
Joto likipita arobaini manjano huanza kuganda,
pampu hulia kama mbuzi aliyekabwa.
Nalifunika tangi kwa magunia yaliyolowa,
naapa kwa majina ambayo paroko hayajui.

Jana Poni aliletwa, mtoto kalala kiubavu.
Saa tisa usiku. Kisu, taa, mashine ya kunyonya.
Mimi nyuma ya ukuta na tochi ya simu
naitazama zambarau ikifa,
sihesabu dakika, nahesabu rangi:
ikifika jani la mgomba, tuna nusu saa.
Ilifika jani la mgomba.
Ikapita.

Kisha kilio, chembamba, chenye hasira.
Pampu haikusikia, iliendelea kuzungusha.

Alfajiri Anguzu kaja na ndoo yake.
Juisi imekwisha?
Ipo yote, nikamjibu, lita kwa lita.
Akainama kidirishani, akakunja uso,
akaiweka ndoo chini,
tukasubiri jua lipande ukuta.