Bwawa la Tatu

Orysia Hnatiuk alinikabidhi funguo mbili
na fimbo yenye alama nyekundu kila inchi.
"Kijiji kizima kiko hapa," akasema.
"Ukitaka kujua nani yupo, nani kaondoka,
usiulize posta. Pima."

Nyumba arobaini na moja, kusini mwa Saskatchewan,
kanisa la kuba la bati, ghala la ngano lisilo na ngano,
na ng'ambo ya nyumba ya mwisho, upande upepo usikotokea,
mabwawa matatu ya udongo
yaliyochimbwa kwa ajili ya watu mia nne
zamani, watu mia nne walipokuwa bado tumaini.

La kwanza hupokea. Halichagui.
Maji ya viazi, maji aliyoogeshwa mtoto,
maji ya mlevi wa Ijumaa,
yote huja kwa bomba moja, usiku na mchana.
Mazito huzama.
Yaliyobaki huvuka taratibu hadi la pili,
ambako mwani huamkia kazini,
kibarua wa kijani asiyedai ujira ila jua.

La kuvunda halina ubani, walisema wahenga.
Hawakufika huku.
Huku la kuvunda huanikwa peupe,
hupigwa upepo, huhesabiwa siku
kama eda.

Novemba barafu huweka kifuniko.
Chini yake kila kitu hukatika kama neno mdomoni.
Miezi mitano tunajaza tu, tunajaza,
nami natembea juu ya tuta, theluji magotini,
nikitafuta mashimo ya panya-buku wa majini,
maana shimo la panya mmoja
laweza kumpelekea jirani aibu ya wote.

Kisha Aprili barafu hupasuka,
ya chini hupanda juu,
na kijiji hunuka wiki mbili kama yai lililosahauliwa.
Simu hazikatiki. Bi Lindqvist wa duka la vipuri
hunitazama kana kwamba ni tumbo langu.
Natamani kumwambia: hiyo ni ya kwako pia,
ya Krismasi, bata mzinga na mchuzi wake.
Namwambia, "Samahani, itapita."

Mhandisi alikuja kutoka Regina na michoro:
mtambo wa chuma, pampu, dola milioni tatu.
Halmashauri yetu ni watu watano na birika la kahawa.
Orysia, mstaafu, magoti mabovu, akainuka nyuma kabisa.
"Umeme ukikatika?"
Kuna jenereta, mama.
"Na mtu wa kuiwasha akikosekana?"
Mhandisi akakunja karatasi.
Mwaka ule shule ilikuwa imefungwa;
kila mmoja alihesabu kimoyomoyo.

Mimi nilihesabu kwa fimbo.
Septemba maji hayakupanda.
Nikapima tena, nikailaumu fimbo, nikalaumu jua.
Jumapili ndipo nikasikia: akina Pruden,
watu saba, wamehamia mjini.
Inchi moja na nusu.
Sikujua huzuni ina kipimo.

Oktoba chupa ya sampuli ilirudi na jibu kutoka maabara:
safi, fungueni.
Koki ilikuwa na kutu; haikunisikiliza.
Nikamwendea Orysia. Alikuja na viatu vya nyumbani
na koti la marehemu mumewe,
tukashika gurudumu wawili, tukasukuma, tukatukana,
hadi likalia, likalegea,
na bwawa la tatu likaanza kuelekea kijitoni
bila harufu, bila rangi,
kama maji ambayo hayajawahi kumjua mtu.

Hapo ndipo mabata-bukini yalipotua,
kundi baada ya kundi, yakielekea kusini,
yakajaza maji ukingo hadi ukingo.
Orysia alisimama akihema, kidole hewani,
midomo ikicheza.
Nikadhani anasali.

"Mia nne," akasema.
"Hatimaye."
Akanirudishia funguo, akaenda kuvua viatu vilivyolowa.