Uzao wa Shihabu

Ukurasa wa kwanza wa daftari la baba
hauna jina langu wala la dada zangu.
Una Shihabu, mwana wa Kahilani,
mwana wa Najuma, binti wa jike
ambaye, alipomfikia, kalamu iliisha wino.

Alishushwa kwenye behewa stesheni ya Kikombo,
macho yamefungwa kwa kanga ya mama,
akatembezwa usiku hadi Hombolo.
Asubuhi wakubwa kwa wadogo walijaa uani:
"Punda gani huyu, kapunjwa masikio?"
Baba, Masinjila, hakucheka.
Alikuwa ameshamsikiliza kifua.

Vikombe saba. Mimi nilizaliwa kwenye cha nne;
sina tarehe nyingine.
Bwana Humeidi alipofilisika, viliuzwa sita.
Cha saba mama alipimia uwele,
na jirani aliyekuja kukopa
alirudisha kwa kipimo cha bingwa, bila kujua.

Majike waliletwa kwa malori kutoka mbali,
wakishuka wanatetemeka, wamejaa vumbi jekundu.
Wanawe wakaenda kukimbia nchi asizoziona baba.
Barua zilikuja: wa kwanza. Wa tatu. Wa kwanza tena.
Kisha moja fupi: mguu umevunjika, ametulizwa kwa risasi.
Siku ile baba alilala bandani;
mlenda ulipoa, ukaganda, kuku wakaula.

Haya wenye farasi wanayajua.
Wasilolijua: Shihabu aliruka ua wa miiba
usiku wa mbalamwezi, akawafuata punda wa Sechelela,
yule mjane wa ng'ambo ya korongo.
Si mara moja.

Ndiyo maana sisi tuna nyumbu,
si wale wa mbugani, hawa wa nyumbani:
masikio ya mama, mapaja ya baba,
madumu manne ya maji ya chumvi kila mmoja
kutoka bwawani, kupanda, jua la Oktoba utosini.
Hawazai. Damu ya bingwa iliingia kwao
kama mto wetu unavyoingia mchangani.

Wa mwisho, Chausiku, nilimwona mwenyewe
siku mvua ya kwanza ilipopiga mabati.
Nilikuwa nimemtua madumu. Akanusa.
Shingo ikapinda, mkia ukasimama kama bendera,
akalipita shamba la zabibu, akalipita kanisa,
kikongwe wa miaka thelathini, hana wa kumshangilia
ila mimi na ndoo yangu.
Halafu akarudi, akasubiri kufungwa.

Tulipomzika baba nilifungua daftari kwa nyuma.
Huko, kwa penseli, aliwaandika wote kumi na mmoja.
Chausiku yuko chini kabisa, herufi zimebanana:
"Mama: punda wa Sechelela. Baba: anajulikana.
Hajashinda kitu.
Anaijua njia ya maji hata gizani."