Cha Mvunguni

Chilongani ameleta karatasi ya shule:
Taja sababu nne zilizowafanya watu wa kale
wajenge makazi yao mabondeni, kando ya mito.
Tatu kazijaza kwa penseli: maji, udongo, njia ya mitumbwi.
Ya nne kaiacha tupu, kaenda kulala.

Nimebaki nayo jikoni, hapa Collinsville, Illinois,
kucha zangu zingali na tope la shamba la Bi Verna Haberkorn,
macho yakiwasha kwa ule mzizi mweupe
tunaoung'oa tangu Novemba,
mkali kama tangawizi iliyokasirika;
ukiukwangua tu, unalia msiba usio wako.

Udongo ule hauna jiwe.
Uma wa chuma unazama hadi mpinini
kama kijiko ndani ya uji.
Mto uliuleta kutoka nchi ambazo sitazifika,
ukaumwaga, ukarudi kitandani mwake.

Ndiyo maana Jumanne, uma ulipogonga, ti,
nilipiga magoti.
Bapa la gumegume, pana kuliko kiganja changu,
ukingo wake uking'aa kama sahani ya kila siku.
Jembe, akasema Bi Verna. Udongo ndio ulilipiga msasa,
msimu kwa msimu, mikononi mwa mtu
aliyelima hapa kabla babu zangu hawajaja
na majina yao ya Kijerumani.
Akaliweka dirishani, na wenzake kumi na mmoja.

Ng'ambo ya barabara kuu viko vilima vyao:
udongo wa kubebwa kwa vikapu,
kikapu juu ya kikapu, hadi ukawa mlima.

Kongwa nilikozaliwa, mto ulikuwa mchanga.
Tuliuchimba kwa kata, tukingoja maji yajikusanye,
na jua likitukuta njiani, debe kichwani.
Mtama ulingoja. Mwaka mwingine ulikufa ukingoja.
Sisi hatukujenga kilima hata kimoja.
Nani angekijenga? Siku nzima ilikuwa ni ya debe.

Ghalani kwa Bi Verna kuna mstari wa rangi nyekundu
juu ya utosi wangu: maji ya mwaka wa tisini na tatu.
Nilimuuliza, mbona hamkuhama?
Akanitazama kama niliyeuliza
mbona hakumwacha marehemu mumewe kwa kukoroma.
Mwaka uliofuata, akasema,
mahindi yalinipita kimo mara mbili.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Hiyo ningeiandika, lakini mwalimu wake ataisahihisha.
Tena ningemwambia kwamba kwetu neno ni lile lile,
mto wa maji na mto wa kulazia kichwa,
na kwamba mtu aliyetembea sana
hamuulizi mto kama usiku utageuka.

Nashika penseli. Walichoka kubeba maji.
Nafuta; mwandiko wangu unajulikana.
Acha aijaze mwenyewe asubuhi, akinywa chai.

Ila pale kwenye namba nne
kidole gumba kimeacha alama,
nyeusi, na mistari yake yote.
Nimelowesha kitambaa.
Nimekikamua tena, nikakianika.