Mia Mbili na Ishirini, Toa

Ambindwile, kijana anayetukimbiza,
huweka kalamu ya risasi nyuma ya sikio kama seremala.
"Mia mbili na ishirini," anasema, "toa umri.
Kinachobaki ndicho kilele cha moyo wako.
Wewe kimbilia asilimia sabini yake, kilele usikiguse."

Sawa. Toa umri.
Umri upi, mwanangu?

Kadi ya ubatizo, ya Wamoraviani kule Rungwe,
inasema sabini na moja.
Kitambulisho cha taifa kinasema sabini na nne,
maana karani alikuwa na haraka
na mimi nilikuwa na gunia la viazi nje, mvua inanyesha.
Mama hakuwahi kutaja mwaka.
Alisema maharage yalikuwa yametoa maua
na Wachina wamepiga kambi Iyunga;
reli haijafika, ila vumbi lake limefika.

Ambindwile akaandika 166. Akafuta.
Akaandika 169. Akafuta.
Karatasi ikatoboka.
"Basi," akasema, "tukauulize wenyewe."

Jumamosi alfajiri, Isanga, baridi ya mwezi wa sita
inang'ata masikio kama mbwa mdogo.
Raba zangu za mtumba, za Mwanjelwa,
ya kushoto imeizidi ya kulia nusu namba.
Njia ya Loleza inapanda bila kubisha hodi.
Mara ya kwanza nilipanda nikizungumza.
Mara ya pili nilizungumza na Mungu.
Ya tatu hakuna aliyenisikia,
mikaratusi tu,
na pumzi ikipasuka kama kuni mbichi.

"Vidole viwili! Chini ya taya! Hesabu!"
Sekunde kumi na tano.
Humo ndani mtu anatwanga,
hapepeti, hafuti jasho, anatwanga.
Arobaini na tano.
Mara nne: mia na themanini.

Kijana aliitazama saa yake kana kwamba imemtukana.
Nami nikapiga hesabu kichwani, kama ya madebe sokoni:
mia mbili na ishirini, toa mia na themanini,
baki arobaini.

Nikakaa kwenye jiwe.
Arobaini, kwa kadi hii au ile,
ni pale pale nilipomzika Lwitiko,
nikawaambia majirani: na moyo wangu umeishia hapa.
Kumbe sikusema uongo.
Umebaki palepale, unanisubiri.

Hilo sikumwambia. Yeye aliandika 180,
akaweka alama ya kuuliza,
akasema kanuni ni wastani wa watu wengi,
mmoja huzidi kumi, mwingine hupungua kumi,
nisianze kujisifu,
turudie Jumanne nikiwa nimelala vizuri.

Haya, turudie.
Jua lilikuwa linagusa mabati ya mjini kule chini
nami bado nimejishika shingo,
namsikiliza mtwangaji akilegeza mwendo,
mia na arobaini, mia na kumi, tisini na
nikapoteza hesabu.