Kizibao cha Mwisho

Walinipa kizibao cha rangi ya machungwa
na kazi isiyogombewa na mtu:
kuwa wa mwisho.
Raundi ya kwanza, Januari, nilidhani ni adhabu.
Hii ni ya tano. Sasa naijua migongo ya watu
kuliko nyuso zao.

Saa kumi na mbili na nusu, Barabara ya Spine imefungwa
kwa mawe mawili, kamba ya manila,
na Nyanchama mwenye daftari, ambaye sauti yake
ingetosha bila kamba.
Vijana wa Dandora wako mbele, miguu wamenyoa,
walisikia mahali kwamba upepo hauzipendi nywele.
Akina mama wa chama cha Komarock,
leso viunoni, helmeti juu ya vilemba.
Lokwang' na baiskeli yake ya kupiga kwa mikono,
aliyoichomelea mwenyewe kwa mabomba ya kitanda.
Mapacha wa miaka sita wanabishana
nani alizaliwa kwanza,
ndipo wajue nani atashinda.

Firimbi.
Wakamwagika kama mahindi guniani
nami nikabaki, mguu mmoja chini, nikihesabu.

Mbele yangu, Muthengi. Kila raundi, Muthengi.
Miaka thelathini alipeleka mikate kwa blakmamba hii hii
na kreti hajaiondoa nyuma;
anasema bila uzito baiskeli humyumbia.
Hajawahi kuniuliza imebaki mizunguko mingapi.
Huuliza kama nimekunywa chai.

Kwenye kimlima cha Njiru, mzunguko wa mwisho,
cheni yangu ikakatika,
tk,
kama kijiti cha kiberiti.
"Nenda," nikamwambia. "Nitakufikia."
Alikuwa ameshashuka.
Akafungua kreti: koleo, pini za cheni,
tambara jeusi kwa grisi, nusu mkate.
Tulikula kwanza.

Ilipokubali kuzunguka akasema, "Tangulia."
Siwezi, nikasema, mimi ndiye wa mwisho, ni sheria.
"Basi vua hicho."
Kilimbana kifuani, hakikufunga.
Nikakanyaga pedali
na kwa mara ya kwanza tangu Januari
nikasikia pumzi ya mtu nyuma yangu.

Nilipofika, kamba ilikuwa imeshakunjwa.
Pacha mmoja amelala juu ya helmeti,
mwingine anasimulia ushindi ambao sikuuona.
Nyanchama alikuwa akifunga daftari.
Akaniangalia mabega, palipokosekana rangi.
"Nakuandika nani? Miezi mitano
nakuita Mwisho."

Zeitun, nikasema.
Akaomba nirudie, nikarudia, taratibu,
mia moja na kumi na mbili, Zeitun,
wino ukagoma katikati, akaulamba, akaendelea.

Kule nyuma, chungwa moja barabarani,
Muthengi,
akija bila haraka yoyote,
kama mtu aliye kazini.