Kahawa ya Barabara ya Tano

Ijumaa saa sita nafunga kibanda pale Kiusa,
cherehani naifunika kanga; sare za watoto
zitasubiri vifungo hadi Jumatatu.
Ndelilio yuko stendi tayari, shati la Pasaka,
mkononi ndizi za kuchoma ndani ya gazeti:
"Huko bei hatuzijui."

Tunazijua. Hii ni safari ya nne.

Himo, Mwanga, Same, Mombo.
Segera gari linakata kushoto, joto linaingia bila hodi
na mume wangu anafungua kifungo cha kwanza.
Muheza, cha pili.

Kwetu Moshi hatugombani, tusisingiziwe.
Tunahesabu tu. Ada, luku, mbolea,
mchango wa harusi ya mtoto tusiyemjua sura.
Katikati ya meza yetu, mahali pa bakuli, pana daftari.
"Umekula?" ananiuliza usiku.
"Nimekula."
Siku imekwisha.

Lakini Tanga! Tanga mtu huyu huota ulimi.
Anamuuliza muuza mishkaki jina la mama yake,
anabishania ufuta wa mkate na mwenye baiskeli,
ukwaju glasi mbili, ya tatu anamnunulia
mtoto aliyekuwa anapita.
Mimi nakula, sijifichi.
Kachori, tena kachori, mkate wa kumimina
ungali unaunguza kidole,
na pweza, ambaye safari ya kwanza
nilimtafuna kama mkanda wa suruali,
sasa namfyonza hadi kwenye kucha.
Sahani moja. Vidole vinagongana,
hakuna anayeomba radhi.

Na kupotea tunapotea.
Mitaa ya Ngamiani ina namba, ya kwanza, ya pili,
mtoto wa chekechea hakosei;
sisi tulitafuta ya tisa tukajikuta ya tano,
Ndelilio akiapa kwamba hawa wanahesabu kinyumenyume.
Tukakaa kwenye benchi la watu, tukamiminiwa kahawa.
Kikombe kama kifuniko cha chupa,
nyeusi, chungu, kashata pembeni.
Akanywa. Akanyamaza.
Nikadhani ni joto.

"Aikande," akasema, "hii nimeichuma mimi."

Si hii yenyewe, anajua.
Ila kule Kibosho, kabla ya shule kikapu,
baada ya shule kikapu,
mashine ya mkono ikimenya, maganda yakichacha uani,
kuku wakifukuzwa kwenye meza za kuanikia,
gunia likishonwa, likipelekwa ushirika,
na nyumbani wakinywa chai.
Kila siku ya Mungu, chai.
Miaka arobaini na sita, mtoto wa mibuni,
na hakuna aliyewahi kumwambia ina ladha gani.
"Kumbe ilikuwa inateremkia huku."
Cha pili. Cha tatu.
Cha nne muuzaji akakataa hela.

Usiku ule hakulala.
Nami sikulala, maana alikuwa anaongea.

Leo Jumanne. Manyunyu, mlima umejifunika.
Amerudi kutoka kwa mama yake
na buni kavu kofia nzima;
mibuni imebaki kumi na moja,
mingine iling'olewa, pakapandwa nyanya.
Anazikaanga kwenye kikaango changu cha chapati.
Mama Ndeshi anapiga kelele ukutani, je, tunaungua?
Nusu zimekuwa mkaa.
Tunatwanga, tunachemsha, tunaonja.

Mbaya. Mbaya kabisa,
ina vitunguu vya jana ndani yake.
Tunacheka mpaka daftari linaanguka chini
na linabaki huko huko.

Anafuta machozi kwa kofia.
"Umekula?"
"Bado," namwambia,
ingawa nilikula.