Daftari la Wageni, Ruangwa

Serikali ya mtaa inataka daftari lijazwe:
jina, taifa, kazi, atokako, aendako,
sababu ya safari. Najaza kwa penseli,
maana wageni wa siku hizi hubadili sababu
kabla chai haijapoa.

Chumba namba nne: Bwana Luo, Mchina, mhandisi.
Kiswahili chake cha Tanga, alikiokota akijenga barabara;
husema "ahsante mno", na kitanda hutandika mwenyewe.
Chumba namba tano: Bwana Kolin, wa upande wa pili,
mshauri. Wa nini? Akacheka. "Wa mkakati."
Basi nimeandika: mkakati.

Kati yao ukuta wa tofali moja.
Huyu akikohoa, yule hunyamaza.

Asubuhi wa tano ananiuliza, akipaka siagi:
"Jirani yangu amelipia siku ngapi?"
Jioni wa nne ananiuliza, akivua viatu:
"Yule mzee ana ramani?"
Anayo. Niliiona nikifagia.
China imepakwa wekundu, mishale imeizunguka
kama siafu waliomkuta jongoo,
na huku pembeni, Ruangwa,
doa dogo kuliko punje ya ufuta,
limezungushiwa duara mara mbili.
Sijawahi kuuona mji wangu ukipendwa hivyo.

Wanataka kinywe.
Kinywe cha betri, cha magari yasiyonuka petroli.
Mmoja kwao wanacho kiwanda cha kukisafisha,
mwenzake hataki kisafishwe huko.
"Hatushindani," wa tano aliniambia, "tunapunguza hatari."
Nikamuuliza, hatari ya nani?
Akaomba maji ya moto.

Mimi nakijua tangu utoto:
bibi alikisugua kwenye vyungu vikang'aa
weusi wa kambare,
na sisi tukajichora masharubu.
Hakuna aliyetuita muhimu.

Alhamisi usiku umeme ukakatika.
Wakatoka wote wawili koridoni, simu mkononi,
asilimia tatu, asilimia mbili,
wamesimama juu ya betri za dunia nzima
wakiomba chaja.
Ninayo moja, ya sola, ina matundu mawili.
Nikaiweka juu ya stuli, wakachutama
huku na huku kama watoto kwenye sinia,
bila salamu, kitaa cha kijani kikiwamulika pua.
Nilidhani watasema neno.
Luo akaisogeza stuli kidogo upande wa Kolin:
waya wa mwenzake ulikuwa mfupi.
Basi, ndiyo hayo tu yaliyosemwa.

Alfajiri magari mawili, vumbi moja.
Sababu ya safari: biashara.
Na huyu naye: biashara.

Halafu Ijumaa, baada ya swala, akaja mgeni wa miguu,
godoro kichwani, kuku wawili kwapani.
Nyumba yake Nachinyimba ilipigwa X nyekundu mwaka juzi;
mthamini akahesabu mikorosho, mashina kumi na tisa,
choo akakisahau, akarudi, akakihesabu mara mbili.
Ukishapigwa X huruhusiwi kuziba hata ufa.
Fidia inachakatwa. Mvua haichakatwi:
ukuta wa jikoni umelala chini.

"Mama, ingia tu," nikamwambia.
"Andika," akasema. "Mimi si mwizi."

Jina: Bihawa Nangumbi. Taifa, akanitazama.
Kazi: mkulima. Atokako: Nachinyimba.
Nikampa penseli amalizie mwenyewe.
Akailamba ncha, walivyofundishwa kwenye ngumbaru,
kinywe kikagusa kinywa,
ulimi ukabaki na mstari mweusi.
"Hao waliolala hapa, aendako waliandika wapi?"
Nikamsomea: Beijing. Nikamsomea: London, kisha Washington.
Akapakodolea macho pale pasipo na wino,
kuku mmoja akijaribu kuchomoka.

"Hapo paache," akasema. "Paache kwanza."